Masta ya historia ya Uingereza: kuna mtu humu aliyeisoma, au ndio naelekea kupotea?

Mwl wa Kongwa

Wakuu habari za usiku, wakubwa shikamooni. Naomba mnivumilie, hii itakuwa ndefu.

Mimi ni mwalimu wa historia sekondari huku Kongwa, digrii nilimaliza 2017 na GPA ya 3.7 (ile 3.8 ya kubakizwa chuoni niliikosa kwa kijipointi, hilo donda tuliache). Sasa nataka nikasome masta, na ninachotaka ni historia ya Uingereza yenyewe, kuanzia vita ya pili kuja huku. Sio historia ya Afrika, sio ukoloni Tanganyika. Uingereza. Nilipomgusia mkuu wa shule alicheka mpaka akavua miwani, akaniambia mwalimu, wazungu wanapanda ndege kuja kusoma historia yetu, wewe unapanda ndege kwenda kusoma ya kwao, ukirudi utamfundisha nani?

Kisa ni hiki. Kengele ya shule yetu ni chuma kizito kimening'inizwa kwenye mwarobaini, wazee wanasema kilitoka kwenye trekta la ile skimu ya karanga, yale mashamba makubwa ambayo Waingereza walijaribu kulima huku baada ya vita ya pili. Mwaka jana niko Form Three nafundisha uchumi wa kikoloni, nimeshafika kwenye karanga, binti mmoja wa dawati la nyuma kabisa akanyoosha mkono, eti mwalimu, kwani Waingereza walitaka karanga zote hizo za nini? Nikajibu malighafi ya viwanda vyao, si ndio notsi zinavyosema. Akauliza kiwanda gani. Nikamwambia tutaendelea kesho.

Usiku ule nilisoma kwenye simu mpaka saa nane. Kumbe watu wa London walikuwa hawana mafuta ya kupikia! Vita imeisha 1945, wameshinda, lakini siagi, majarini, mafuta ya kukaangia, vyote kwa mgao, mama anakwenda dukani na kijitabu cha kuponi anapimiwa aunsi chache za wiki nzima. Hata mkate, ambao wakati mabomu yanadondoka haukuwekewa mgao, ukaja kuwekewa Julai 1946, amani ilishapatikana. Mgao wenyewe haukuisha kabisa mpaka 1954. Miaka yote nafundisha Mwingereza kama mtu mwenye kila kitu aliyekuja kuongeza, sikuwahi kumfikiria amesimama foleni akiwa na njaa. Tangu hapo sina usingizi, nataka kuijua nchi hiyo kutoka ndani.

Maswali: hii kitu inasomwaje huko, watanikubali mimi ambaye chuo sikusoma historia yao zaidi ya kozi moja ya mapinduzi ya viwanda, hela inapatikana wapi, na je naweza kuanza chochote nikiwa huku huku na simu yangu na bando la wiki? Nina mke na mtoto wa miaka miwili, hilo nalo mlijue.

Kipanga wa Upanga

Mwalimu nakuheshimu sana ila acha nikwambie ukweli kama ndugu. Ada ya masta huko kwa mtu wa nje ni pauni elfu ishirini na kitu mpaka thelathini na kitu, zidisha kwa elfu tatu na kitu upate shilingi halafu tafuta kiti ukae. Kwa hela hiyo unafungua duka la pembejeo hapo Kibaigwa na bado unabakiwa na ya bodaboda mbili. Ukirudi na cheti cha historia ya Churchill utaambiwa nenda TCU, tume ya vyuo vikuu, kakihakiki, ukimaliza unarudi darasani kugonga hicho hicho chuma. Soma mambo ya data bwana.

Kijiko cha Chai

Kipanga punguza jazba, huyu kauliza kuhusu historia wewe unamuuzia duka.

Mwalimu, mimi niliisoma, London, nikarudi 2013, sasa nipo Dar na nakula kwa kazi ya utafiti, sio tajiri ila sijutii. Nikuanzie na lililonigonga mimi kichwani maana hakuna aliyeniambia. Sisi tumelelewa na insha ya pointi sita, utangulizi, moja mbili tatu nne tano sita, hitimisho. Insha yangu ya kwanza ilikuwa kwa nini chama cha Labour kilishinda 1945 wakati Churchill ndiye shujaa wa vita, nikamwaga pointi zangu sita safi kabisa, nikarudishiwa 54. Nililala bila kula. Kumbe pasi ni 50 na distinction, daraja la juu kabisa, ni 70, kwa hiyo 54 sio msiba, lakini mwalimu aliandika pembeni kwa penseli maneno ambayo mpaka leo nayakumbuka maana yake, kwamba umeniorodheshea sababu zote kama mtu anayesoma bei sokoni, wewe unasema nini? Wanataka ushike upande, useme fulani na fulani wamekosea hapa, halafu uthibitishe kwa karatasi. Ndio mchezo wenyewe. Wao kwa wao wanapigana kila siku: je baada ya vita Uingereza iliporomoka kweli au kuporomoka ni hadithi waliyojitungia wenyewe, je Labour na Conservative walielewana kimsingi toka Attlee, waziri mkuu wa Labour aliyeshinda 1945, mpaka Thatcher wa Conservative anaingia 1979 au hayo maelewano ni ya vitabuni tu. Ukiingia na orodha ya pointi utamezwa.

Muundo ni mwepisi kuuelewa. Masta ya kawaida ni mwaka mmoja, krediti 180, unasoma kozi toka Septemba au Oktoba mpaka kama Mei, halafu kiangazi chote unaandika desetesheni, vyuo vingi ni maneno elfu 15 mpaka 20. Oxford wana yao ya miezi tisa wanaiita MSt na nyingine ya miaka miwili MPhil, Cambridge wana MPhil ya historia ya Uingereza ya kisasa hasa. Kuapulai unahitaji transkripti, barua za walimu wawili waliokufundisha, maelezo yako binafsi, vyuo vingine wanaomba na insha uliyoiandika. Kutokusoma historia yao sio kikwazo kama unajua kueleza swali lako, na wewe swali unalo, hilo la yule binti. Mimi ningeanza barua yangu nalo na nisingelipamba.

Sasa ngoja nikae kwenye hilo swali maana nimelipenda. Watu wengi wakisikia karanga za Kongwa wanakimbilia faili za Wizara ya Makoloni, zile zinazoanza na CO. Lakini ile skimu haikuwa ya Wizara ya Makoloni, ilikuwa ya Wizara ya Chakula! Waziri John Strachey, yule yule aliyebeba lawama za mgao wa mkate, ndiye aliyebeba na karanga zenu. Wazo lilitoka kwa mkubwa mmoja wa United Africa Company, kampuni ya Unilever, watu wa majarini na sabuni (mjibu binti yako, hicho ndicho kiwanda), timu ikatumwa 1946, mwaka uliofuata matrekta yanafyeka. Mpango ulikuwa ekari zaidi ya milioni tatu, Januari 1951 wakautangaza umekufa na zaidi ya pauni milioni 36 zikafutwa vitabuni. Kwa hiyo karatasi zako ziko MAF, ambako ndiko faili za Wizara ya Chakula zilipo, ziko na T yaani Hazina. Kwa nini Hazina? Dola. Uingereza baada ya vita ilikopa Marekani dola bilioni 3.75, zikawa zinayeyuka, 1947 wakajaribu kuruhusu pauni ibadilishwe kwa dola wiki kadhaa tu wakafunga haraka, 1949 pauni ikashushwa toka dola 4.03 mpaka 2.80. Mafuta ya kula ukinunua kwa mwenye dola unatoa dola, karanga za Kongwa ungelipa kwa pauni. Ukilitazama hivyo, Kongwa ni sura ya historia ya jiko la Mwingereza na ya pochi ya Hazina yake. Na wapinzani wao wakaifanya karanga kuwa kichekesho cha kisiasa, uchaguzi wa Februari 1950 Labour ikaponea kwa viti vitano.

Kingine, ukifika huko kila mtu atakuuliza, umeshaona FCO 141? Hizo ni zile faili zilizohamishwa kimyakimya toka makoloni wakati wa uhuru zikafichwa Hanslope Park, ghala la serikali huko Uingereza, zikaibuka 2011 kwenye kesi ya wazee wa Mau Mau, zikaanza kufunguliwa 2012. Ni hazina kweli, zione. Lakini usikubali kusukumwa kwamba kwa kuwa wewe ni Mtanzania basi karatasi zako ni hizo tu na foleni ya mkate wawaachie wenyewe.

National Archives penyewe ni Kew, magharibi ya London, kadi ya msomaji ni bure, nenda na kitambulisho na karatasi yenye anuani yako. Begi, koti, kalamu ya wino, pipi, vyote vinabaki kwenye loka, unaingia na penseli na simu ya kupigia picha na mfuko wa plastiki unaoonyesha vilivyomo. Faili inaletwa kwenye kiboksi chenye namba ya kiti chako. Ya kwanza kabisa niliyofungua ilifungwa kwa kile kikamba kifupi cha kijani chenye vichuma pande mbili, ndani kuna karatasi ambayo kila ofisa anaandika maoni yake kwa mkono chini ya mwenzake na kusaini herufi mbili tu, hakuna jina. Nilikaa siku mbili natafuta mtu mmoja mwenye mwandiko kama miguu ya kuku, mpaka mama mmoja wa pale akanionyesha kwamba kuna orodha ya watumishi wa serikali iliyokuwa ikichapwa kila mwaka, unashuka na jina la idara mpaka unampata. Kumbe alikuwa ofisa mdogo tu, lakini wakubwa wote waliomfuata walinakili wazo lake kama la kwao.

Kwa bando lako la wiki: mihtasari ya vikao vya baraza la mawaziri baada ya vita ni CAB 128 na makabrasha yake CAB 129, zote zimeskaniwa, ingia tovuti ya National Archives unadaunilodi bure. Mijadala ya Bunge toka 1803 iko onlaini bure pia, andika groundnuts, utacheka mpaka jirani akugongee ukuta. Na semina za Institute of Historical Research, taasisi ya utafiti wa historia ya London, nyingi unaweza kuingia kwa Zoom, saa kumi na moja na nusu jioni ya kwao wakati wa baridi ni saa mbili na nusu usiku yetu, mtoto ameshalala.

Binti Likoni

Assalaam alaykum, hamjambo nyote. Mie niko mwaka wa pili PhD, mji sitautaja, ni huku katikati ya nchi, na Kijiko amesema kweli tupu ila kuna mawili matatu ameyaruka.

La kwanza ni hili neno letu Uingereza. Kwa Kiswahili Uingereza ni England na Uingereza ni nchi nzima, Mwingereza ni yeyote. Shuleni tulisoma Livingstone Mwingereza, na yule bwana ni mtu wa Scotland, kazaliwa Blantyre ya huko. Semina yangu ya kwanza nikazungumza, English government, English parliament, najiona nimetema, dada mmoja wa Glasgow akanambia kwa upole kabisa, hiyo serikali yako siijui. Wallahi nilitamani ardhi ipasuke. Na si adabu tu, ni historia yenyewe, maana Scotland wana sheria zao na shule zao, Ireland ya Kaskazini walikuwa na bunge lao, lile la Stormont, toka 1921 mpaka 1972, ukisema tu Uingereza ilifanya hivi hujasema nani alifanya. Siku hizi kabla sijaandika sentensi najiuliza kwanza, ni England hii au ni wote? Lugha yetu imetuachia mtego, kaka, ujue mapema.

La pili, mie natafiti 1968. Serikali ya Labour, Callaghan akiwa waziri wa mambo ya ndani, ilipitisha sheria bungeni kwa siku chache tu, Machi mosi ikaanza kazi, kuwazuia Wahindi wa Kenya waliokuwa na paspoti za Uingereza wasiingie kwa uhuru ila mwenye mzazi au babu wa huko. Paspoti unayo, mlango huna. Mada hii nimeichagua kwa sababu ya duka la vitambaa Mombasa ambalo nyanya yangu alikuwa akishonea, mwenye duka aliondoka wakati huo na deni la cherehani halijalipwa. Nilipoomba nafasi, profesa wa chuo kimoja (si ninakosoma) akanishauri nifanye upande wa Kenya maana ndio nguvu yangu. Nikamjibu kwa adabu kwamba upande wa Kenya naujua, ninachotaka kujua ni kilichokuwa kichwani mwa mtu wa mji wa Leicester huku England. Hakujibu tena imeli yangu. Basi nikatafuta mwengine.

Na hapa ndipo namuongeza Kijiko: Kew si kila kitu, kule utamkuta mtu wa serikali. Ukitaka mtu wa mtaani nenda kwenye maktaba za nyaraka za kaunti, kila kaunti inayo. Ya Leicestershire iko Wigston, na stori ya huko mnaijua, 1972 Amin anawafukuza Wahindi wa Uganda, halmashauri ya jiji la Leicester ikalipia tangazo gazetini, Uganda Argus, kuwaambia kwa faida yenu na ya familia zenu msije kwetu. Wakaja. Kama elfu 28 waliingia nchini na Leicester ikapata wengi. Kuna wanaosema tangazo lenyewe ndilo lililowafahamisha kwamba kuna mji unaitwa Leicester, hahaha.

Wewe mwalimu na mkate wako, mahali pako ni Mass Observation. Ni mradi ulioanza 1937, watu wa kawaida wakajitolea kuandika shajara na kujibu maswali, leo umekula nini, foleni ilikuwaje, mumeo amesemaje. Karatasi ziko The Keep, nje kidogo ya Brighton. Mie nilikwenda kwa kazi nyingine nikapotelea humo siku nzima, wamama wanalalamika mafuta, wanalalamika serikali, wanalalamika jirani aliyepata yai la ziada. Si sauti ya mkoloni ile, ni sauti ya shangazi yangu. Karatasi za vyama vya wafanyakazi ziko Warwick, za Labour ziko Manchester, za Conservative ziko Oxford, Bodleian. Na siku hizi serikali hufungua faili baada ya miaka 20, zamani ilikuwa 30, kwa hiyo mpaka faili za enzi za waziri mkuu Blair zimeanza kutoka kama hutaki mambo ya zamani.

La mke na mtoto: tangu Januari 2024 masta ya kufundishwa huruhusiwi kuja na familia, ila kwa kozi za utafiti au ukifadhiliwa na serikali. Hii si ndogo, ongea na mkeo kabla hujaongea na chuo. Kwa hela jaribu Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, wanataka uzoefu wa kazi wa miaka miwili, wewe unao, unachagua kozi tatu, na ukimaliza lazima urudi kwenu miaka miwili. Kule wanapima uongozi kuliko alama, wape hiyo habari ya darasani. Ufadhili wa Commonwealth nao upo ila wao wanapenda maendeleo, historia inabidi uivalishe nguo. Kwa masta hakikisha una IELTS, ule mtihani wa Kiingereza, vyuo vingi kwa historia wanataka 7.0 kwenda juu, na usisahau kipimo cha TB na ada ya hospitali, pauni 776 kwa mwaka mwanafunzi, inalipwa pamoja na viza kabla hujapanda ndege.

Kipanga wa Upanga

Binti Likoni shikamoo. Nafuta kauli yangu robo. Ila deni la cherehani lililipwa?

Binti Likoni

Marahaba. Halikulipwa. Nyanya alibaki na cherehani.

Mwl wa Kongwa

Wakuu sijui niseme nini, nimesoma mara tatu, mara ya pili nilimsomea mke wangu kwa sauti. Habari ya familia kutoruhusiwa ameisikia, kanyamaza, halafu akaniuliza huo mwaka mmoja unaanza mwezi gani. Sijui hilo ni jibu au ni swali.

Nimedaunilodi CAB 128 moja ya 1946. Nilitegemea makubwa, mwanzoni naona mambo ya makaa ya mawe na nyumba, makaa ya mawe na nyumba, nikasema hawa watu ni kama kikao cha kijiji chetu, kila mtu ana shida ya wizara yake. Nilikuwa ukurasa wa kumi na moja bando likakata.

Kijiko nakuuliza, hayo matrekta yalitoka wapi? Wazee wa hapa wana ubishi, mmoja anasema yalikuja mapya, mwingine anasema yalikuwa mabovu toka yashuke melini.

Kijiko cha Chai

Mapya yalikuwa shida kupatikana, dunia nzima inayataka, kwa hiyo mengi yalikuwa mabaki ya jeshi, mengine yaliokotwa mpaka Ufilipino. Na kuna kioja: kampuni ya Vickers ilichukua vifaru vya Sherman, vifaru kabisa vya vita, ikavigeuza matrekta wakayaita Shervick, Sherman na Vickers wameunganishwa jina, yakaletwa kufyeka pori lenu. Mibuyu na ule udongo unaokauka kama saruji vikayashinda. Kwa hiyo wazee wako wote wawili wana haki ya kubishana. Hicho chuma cha kengele umewahi kukikagua?

Mwl wa Kongwa

Nimetoka kukiangalia sasa hivi, nimeenda kabla ya paredi, mwanafunzi wa zamu kanishangaa nimepanda kwenye tofali nakwangua kutu kwa funguo. Kuna namba, naona 4 na 7, katikati pameliwa. Juu yake kuna herufi, ni V au ni U iliyokatika, nimeiangalia mpaka macho yanauma. Naogopa kusema ni V kwa sababu natamani iwe V. Kuna fundi yeyote humu anayejua spea za matrekta ya zamani?

Kipanga wa Upanga

Mjomba wangu alikuwa fundi wa matrekta Nachingwea miaka ya sabini, yupo Buguruni. Tupia picha hapa, piga na ubavu wake pia, na uweke kalamu pembeni tuone ukubwa.